Kundi la matembezi Mama Ngina: mazoezi kiasi gani kwa akina mama wenye saratani ya matiti, na moyo tuuangalie vipi?

MatembeziAlfajiri

Salaam aleikum, na hamjambo nyote. Kundi letu la matembezi ya akina mama hukutana Mama Ngina, ufukweni Mombasa, saa 12 alfajiri, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Mwezi ujao tunapokea akina mama wanne wenye saratani ya matiti. Wote wameruhusiwa na madaktari wao, lakini ruhusa yenyewe ni neno moja, "tembea", bila kipimo. Nataka kumwandikia kila mmoja ratiba yake kabla hajafika. Hali zao:

Mama A, miaka 41. Yuko katikati ya kemo, amepata dozi 2 kati ya 4 za ile dawa nyekundu (doksorubisini), kila baada ya siku 21. Upasuaji bado.

Mama B, miaka 49. Amemaliza kemo, ametolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani miezi 5 iliyopita. Sasa anadungwa trastuzumabu (dawa ya saratani) kila wiki 3. EF (asilimia ya damu ambayo moyo husukuma nje kwa kila pigo) ilikuwa 64 mwanzo, ya juzi ni 56.

Mama C, miaka 58. Titi la kushoto, alichomwa mionzi, anameza letrozoli (kidonge cha kupunguza homoni) na amlodipini ya presha. Magoti na vidole vinamuuma asubuhi, na mwili umeongezeka.

Mama D, miaka 66. Alimaliza kemo miaka 4 iliyopita, yuko kwenye tamoksifeni (kidonge cha kuzuia homoni). Ana kisukari, ganzi nyayoni, na mkono wa kushoto huvimba.

Maswali yangu: dakika ngapi na kwa kasi gani? Ni dalili zipi za moyo zitufanye tumsimamishe mtu palepale? Na mkono je? Familia zao zimewakataza hata kubeba kikapu cha sokoni.

---

SistaWaKemo

Wa aleikum salaam, dadangu. Umefanya vyema kuwatenganisha, kwa sababu dawa zao haziugusi moyo kwa njia moja, na ratiba moja kwa wote wanne ingewaumiza wawili.

Doksorubisini huumiza misuli ya moyo, na madhara yake hujumlishana, kila dozi juu ya iliyotangulia. Dozi 4 za miligramu 60 kwa kila mita ya mraba ya mwili ni jumla ya 240. Ikifika 400, kama wagonjwa 5 katika 100 moyo wao hushindwa kazi. Ikifika 550, ni kama robo yao. Ndiyo maana daktari huhesabu jumla na hakubali ipande ovyo. Trastuzumabu hudhoofisha msukumo wa moyo kwa njia nyingine, na mara nyingi nguvu hurudi dawa ikisimamishwa. Mionzi ya titi la kushoto hupita jirani na moyo na mishipa yake, na athari huweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Letrozoli huelekea kupandisha kolesteroli na kulegeza mifupa. Tamoksifeni huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Juu ya yote hayo weka miezi ya kulala kitandani, kilo zilizoongezeka na presha. Mwanamke anaweza kupona saratani akaja kuangushwa na moyo.

Kuhusu faida, mwaka 2016 Lee Jones na wenzake walichapisha ufuatiliaji wa wanawake 2,973 wenye saratani ya matiti isiyosambaa. Waliofikisha MET-saa 9 kwa wiki, yaani takriban saa mbili na nusu za kutembea kwa haraka, walipatwa na matatizo ya moyo kwa asilimia 23 pungufu kuliko wasiofikisha. Ulikuwa ufuatiliaji tu, hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo huenda baadhi yao walitembea kwa kuwa walikuwa na nguvu tangu mwanzo. Mimi bado nawahimiza wagonjwa watembee, ila siwaambii kwamba mazoezi yanazuia EF isishuke. Hilo halijathibitishwa. Kinacholindwa kwa uhakika zaidi ni uwezo wa mwili kutumia oksijeni, yaani apande ngazi bila kutweta na asichoke kabla ya adhuhuri.

Sasa Mama A. Yeye usimpangie kwa siku za wiki, mpangie kwa siku za mzunguko wa dawa.

Siku ya 1 hadi ya 4, kichefuchefu: dakika 5 hadi 10 ndani ya nyumba au barazani, mara 2 au 3 kwa siku. Asitembee akiwa ametapika na hajashika maji tumboni.

Siku ya 7 hadi ya 14, chembe nyeupe ziko chini kabisa: atembee peke yake au na mtu mmoja, karibu na nyumbani. Asije kwenye kundi, asipande matatu iliyojaa, asivuke feri saa ya msongamano. Kila asubuhi apime joto la mwili. Likifika 38, aende hospitali wakati huohuo, usiku au mchana. Kumeza panadoli na kungoja kuche ndilo kosa linaloua.

Siku ya 15 hadi ya 21 ndizo siku zake nzuri. Hapo aje Mama Ngina.

Mwombe pia majibu ya damu ya kabla ya kila dozi. Hemoglobini ikiwa chini ya 8, hakuna mazoezi mpaka daktari aseme. Chembe sahani (zinazogandisha damu) chini ya 50,000, asinyanyue uzito. Chini ya 20,000, asifanye zaidi ya kwenda polepole ndani ya nyumba.

---

FizioTudor

Sista amesema sawa. Mimi nijibu dakika, kasi na mkono.

Kabla hujaandika ratiba, pima. Njia nyepesi ni ya dakika 6. Pima mita 30 kwa futi kamba kwenye sakafu iliyo sawa, weka chupa kila mwisho, mwambie mama atembee kwenda na kurudi kadiri awezavyo kwa dakika 6. Akitaka kusimama apumzike asimame, saa iendelee. Hesabu mita. Rudia baada ya wiki 12, mahali palepale, viatu vilevile, saa ileile. Nyongeza ya mita 30 au zaidi ni mabadiliko ya kweli. Mita 10 ni bahati ya siku. Ukimtembeza Mama Ngina siku ya kwanza na ya mwisho ukampima kwenye korido ya hospitali, umelinganisha upepo na ukuta.

Kasi: hatua 100 kwa dakika ndiyo kasi ya wastani kwa watu wengi wazima. Hesabu hatua kwa sekunde 15, zifike 25. Kipimo cha pili ni mazungumzo. Aweze kukusimulia harusi ya juzi kwa sentensi nzimanzima, lakini asiweze kuimba. Akikata maneno kwa kutafuta pumzi, amepitiliza, hata kama hatua hazijafika 100. Kwa mama aliyetoka kwenye kemo, mara nyingi hatua 85 tayari ni kazi ya kutosha. Fuata pumzi yake, si namba yangu.

Ratiba ya Mama B na C ningeiandika hivi. Kila zoezi lina dakika 5 za kuanza polepole na 5 za kumalizia polepole, ambazo sizihesabu.

Wiki ya 1 na 2: dakika 15, siku 3.
Wiki ya 3 na 4: dakika 20, siku 3.
Wiki ya 5 na 6: dakika 30, siku 3.
Wiki ya 7 na 8: dakika 35, siku 3, na dakika 20 nyumbani siku ya nne.
Kuanzia wiki ya 9: dakika 40, siku 3, na 30 nyumbani. Hapo umefika dakika 150 kwa wiki.

Kila wiki ongeza kitu kimoja tu, dakika au kasi. Nimeona ratiba nyingi zikivunjika, na karibu zote huvunjika namna moja: Jumamosi mama anajisikia vizuri, anaunganisha mpaka Fort Jesus na kurudi, Jumapili hadi Jumanne yuko kitandani, familia inasema "si tulikwambia", na mwezi huo umekwisha. Siku nzuri ifanye kama ratiba ilivyoandikwa. Siku mbaya ipunguze nusu, usiifute. Mwambie aanze dakika 10. Akiona uchovu unazidi, arudi nyumbani na ihesabiwe.

Kazi za nyumbani nasikia zikitajwa kama mazoezi. Kufua kwa mikono, kukuna nazi kwenye mbuzi, kusukuma chapati, zote huuchosha mkono mmoja kabla moyo haujapata kazi ya mfululizo. Usizihesabu kwenye 150. Zihesabu kwenye kazi ya mkono, hasa kwa B na D: siku ya chapati nyingi si siku ya uzito.

Na uzito wenyewe unahitajika. Siku 2 kwa wiki zisizofuatana. Huhitaji jimu, tumia vidumu vya lita 5, kwa sababu lita 1 ya maji ni kilo 1 na unaweza kuongeza kidogokidogo. Chupa ya nusu lita yenye maji ni nusu kilo. Ukijaza mchanga mkavu inakaribia gramu 800. Mazoezi matano yanatosha: kukaa na kusimama kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono, kusukuma ukuta, kuvuta kidumu kuelekea ubavuni huku umeinama na mkono wa pili uko juu ya stuli, kunyanyua visigino huku umeshika ukuta, kuokota kidumu kilicho juu ya stuli na kusimama wima. Kila moja mara 8 hadi 15, pumzika dakika 2, rudia mara ya pili. Pumzi itoke wakati wa kunyanyua. Akibana pumzi presha hupanda ghafla, na Mama C ana presha tayari.

Hofu ya mkono ina asili yake. Tezi za kwapani zikitolewa, maji ya limfu hukosa njia, mkono unavimba. Zamani tuliwakataza wote. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake walichapisha jaribio la wanawake 141 ambao tayari walikuwa na uvimbe huo. Walionyanyua uzito mara 2 kwa wiki kwa mwaka mzima hawakuvimba zaidi ya wenzao, na vipindi vya kuchachamaa vilikuwa vichache. Walianza na uzito mdogo sana, chini ya usimamizi, na wakaongeza polepole. Hilo la mwisho ndilo siri yote. Mkono usiotumiwa hudhoofika, kisha siku moja unalazimika kubeba mtoto, na hapo ndipo huumia.

Kwa Mama B: mkono wa kulia uanze na nusu kilo. Vipindi viwili bila mabadiliko, ongeza nusu kilo. Akikaa wiki nzima bila mazoezi, arudi nyuma hatua moja. Akikaa wiki tatu, arudi mwanzo. Mikono yote miwili ipimwe kwa futi kamba mara moja kwa wiki, asubuhi, kila sentimita 10 kutoka kifundo cha mkono kwenda juu. Tofauti ikiongezeka kwa sentimita 2 mahali popote, au pete na mkono wa nguo vikianza kubana, simamisha uzito wa mkono huo na umpeleke kwa fizio. Matembezi yaendelee.

Mama D ambaye mkono umeshavimba avae soksi ya mkono aliyopimiwa kila akinyanyua uzito. Mama B hana uvimbe, hana haja ya kuvaa.

---

FundiEko

Nyongeza kutoka chumba cha kupimia moyo.

EF ya Mama B, 64 hadi 56, isiwatishe wala isipuuzwe. Eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya kawaida inaweza kutofautiana pointi 5 hadi 10 kwa sababu ya mashine, mpimaji na namna mgonjwa alivyolala. Kwa hiyo apimwe mahali pamoja kila mara na abebe ripoti ya zamani. Akiwa kwenye trastuzumabu, eko ni kila miezi 3. Mstari wa hatari ni kushuka kwa pointi 10 au zaidi na kufika chini ya 50. Hapo daktari ndiye huamua kusimamisha dawa kwa muda. Mkiona ripoti ina GLS, iandikeni pia. Hicho ni kipimo cha mnyumbuko wa misuli ya moyo, na mara nyingi hubadilika kabla ya EF. Ikitoka 20 hadi 17, hiyo ni asilimia 15, inatosha kumwuliza daktari hata kama EF bado inapendeza.

EF ikiwa kati ya 40 na 49, kundi la Mama Ngina si mahali pake mpaka daktari wa moyo ampangie. Chini ya 40, mazoezi yawe ya hospitali tu.

Kila mama awe na daftari dogo. Kila asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya chai, aandike uzito na mapigo ya moyo akiwa amekaa kimya dakika 5. Dalili hizi zisisubiri kliniki ijayo: kilo 2 kuongezeka ndani ya siku 3, kuhitaji mto wa pili au wa tatu ili alale, kikohozi kikavu cha usiku, mapigo ya kupumzika kuzidi 100 siku mbili mfululizo, miguu kuvimba yote miwili. Hilo la mwisho kwa Mama C lina mtego: amlodipini yenyewe huvimbisha vifundo vya miguu. Tofautisha kwa uzito na pumzi. Vifundo vimevimba lakini uzito umetulia na analala chali bila shida, mwambie daktari kwenye miadi yake; vimevimba na uzito umepanda na pumzi ni fupi, ni leo.

Palepale kwenye matembezi, msimamishe anayesema kifua kinabana au maumivu yanapanda shingoni au mkononi, anayeona kizunguzungu cha kutaka kuanguka, ambaye mapigo yake yanaruka bila mpango, au anayetweta na hatulii baada ya kukaa dakika 5. Mkalishe, usimlaze chali, na mtafutieni gari la hospitali. Asisindikizwe kwa miguu "polepole mpaka nyumbani".

---

MatembeziAlfajiri

Ahsanteni sana, nimenakili yote. Maswali matatu yaliyobaki. Mmoja ana saa ya mkononi inayosoma mapigo, tunaweza kutumia 220 kutoa umri? Presha tumpimie mkono upi Mama B? Na kuna joto, hasa miezi hii ya kaskazi, kisha Ramadhani.

---

FundiEko

Saa muiache kwa hesabu ya hatua. Doksorubisini huweza kuyapandisha mapigo hata akiwa amekaa, upungufu wa damu huyapandisha, joto huyapandisha, na dawa za presha za kundi la kavediloli na atenololi huyashusha. Ile 220 kutoa umri hata kwa mtu mzima wa afya hukosea kwa pointi 10 au zaidi. Pumzi na mazungumzo alivyosema Fizio ni salama zaidi.

Presha pima mkono wa kushoto. Ushahidi kwamba kipimo kimoja cha presha huvimbisha mkono ni hafifu, kwa hiyo kama kuna dharura na mkono wa kulia ndio ulio karibu, pimeni bila woga. Siku za kawaida mkono wa pili upo, utumieni.

---

FizioTudor

Mimi huwa mkali zaidi kidogo hapo. Sindano na kutoa damu kwenye mkono wa tezi zilizotolewa, tuepuke kila inapowezekana, kwa sababu ya kidonda na vijidudu. Presha sina ugomvi.

---

RabaNaBuibui

Mimi hufundisha mazoezi ya wanawake, nijibu joto na mahali.

Mombasa tatizo si jua peke yake, ni unyevu. Jasho linatoka lakini halikauki, kwa hiyo mwili haupoi, moyo unalazimika kupiga zaidi kupeleka damu kwenye ngozi. Mama ambaye moyo umedhoofishwa na dawa hana akiba ya kazi hiyo. Kuanzia Desemba hadi Machi maliza matembezi kabla ya saa 1 na nusu asubuhi. Jioni ya kaskazi lami bado inarudisha joto hata jua likizama, kwa hiyo alfajiri ni bora. Msimu wa kusi upepo husaidia. Masika mvua ikizuia, apige hatua barazani kwa muda uleule. Ngazi za nyumba za Mji wa Kale ni nzuri kwa A, B na C, kidaraja kimoja kupanda na kushuka huku ameshika ukuta, lakini D hapana, nyayo zake hazimwambii ngazi iko wapi.

Mama Ngina imefaa kwa sababu njia ni sawa, kuna mahali pa kukaa, na kuna mibuyu ya kivuli. Wazungushe kwenye kipande kifupi wanachoweza kukikatisha, usiwapeleke mbali kwa mstari mmoja. Mtu akichoka mbali, lazima arudi umbali uleule. Ufukweni Nyali au Bamburi waende maji yakiwa yamekupwa tu, kwenye mchanga mgumu. Mchanga laini huongeza kazi ya moyo kwa zaidi ya mara moja na nusu kwa kasi ileile, na mteremko wa ufuko humwinamisha mtu upande mmoja, magoti ya Mama C yatalia. Mama D asivue viatu mchangani hata hatua moja. Kwa ganzi ile atakanyaga kombe na hatajua mpaka aone damu, na kwa kisukari kidonda hicho ni kesi ya miezi.

Maji: glasi moja kabla ya kutoka, kisha mafunda kila dakika 15 hadi 20, jumla kama nusu lita kwa saa. Ambaye daktari amempunguzia maji kwa sababu ya moyo afuate kiwango chake. Madafu yana potasiamu nyingi. Kwa A na B ni sawa, kwa anayemeza dawa za moyo zinazobakiza potasiamu au mwenye figo mbovu, aulize kwanza. Na baada ya matembezi pale Lighthouse kuna mihogo ya kukaanga na chumvi ya pilipili. Mama C akila sahani nzima kila Jumamosi ameirudisha presha aliyoishusha. Vipande viwili, bila kunyunyiza chumvi.

Mavazi: chini ya buibui pamba nyepesi, si sintetiki. Pindo lifike juu ya kifundo, mtu asijikwae. Titi bandia la silikoni ni zito na lina joto. Wakati wa mazoezi atumie lile jepesi la pamba, lishonewe mfuko ndani ya sidiria lisihame. Sidiria isiwe na waya, na mkanda wa begani uwe mpana.

Kuogelea: wakati wa mionzi na mpaka ngozi ipone kabisa, maji ya chumvi na ya klorini yote hapana.

Mama D apime sukari kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya 5.6 na anatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, ale kidogo kwanza, tende mbili au ndizi, asubiri dakika 15, apime tena. Mfukoni awe na sukari vijiko 3 vya chai kwenye kikaratasi. Akirudi nyumbani atazame nyayo zote mbili, na katikati ya vidole, kwa kioo.

---

SistaWaKemo

Ramadhani: Mama A yuko kwenye kemo, anahitaji maji mchana na dawa kwa saa zake. Dini imempa mgonjwa ruhusa, amwone daktari na shekhe wake mapema, asingoje siku ya kwanza ya mfungo. C na D wakifunga, dawa za presha na sukari lazima zipangwe upya na daktari, si kwa kubahatisha. Matembezi yao yawe saa moja na nusu baada ya futari, dakika 20 hadi 30. Wako wanaopendelea nusu saa kabla ya magharibi. Kwa akina mama hawa sikubaliani nao, maji mwilini yako chini kabisa wakati huo na damu ni nzito, na Mama D yuko kwenye tamoksifeni.

Hapo kwenye tamoksifeni nisisitize jambo moja linaloniogopesha. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma kwenye shavu la mguu, USIKANDWE. Si kwa mafuta ya nazi, si kwa maji moto. Inaweza kuwa damu iliyoganda, na kukanda kunaweza kuing'oa ikaenda mapafuni. Hospitali siku ileile. Ghafla akikosa pumzi na kifua kikamchoma, hiyo ni dharura.

Pia hijama na chale zisifanywe kwenye mkono au bega la upande uliotolewa tezi. Hina ya majani haina shida, ila piko (ile rangi nyeusi ya kuchorea) kwenye mkono huo hapana, huweza kuunguza ngozi na kufungua mlango wa vijidudu. Mbu akimng'ata akajikuna pakawa pekundu na moto, antibiotiki siku hiyohiyo kwa ushauri wa daktari, na uzito usimame mpaka pakauke.

Mama C na maumivu ya asubuhi: usimpumzishe. Kuna jaribio ambapo wanawake wanaotumia dawa za aina ya letrozoli walitembea dakika 150 na kunyanyua uzito mara 2 kwa wiki, maumivu ya viungo yakapungua kwa karibu asilimia 30. Aoge maji vuguvugu kwanza, akunje na kukunjua vidole mara 20, kisha atoke. Wiki 3 za mwanzo asitegemee nafuu. Wengi huiacha letrozoli kimyakimya kwa sababu ya maumivu haya, kwa hiyo mkimsikia anasema ameacha, msimlaumu, mpelekeni kliniki.

---

MatembeziAlfajiri

Mungu awalipe. La mwisho, limekuja leo kutoka kwa Mama B. Mtaani kwao maji ya mfereji hayatoki, wananunua kwa mkokoteni, mtungi wa lita 20. Anauliza kama aupandishe ngazi mwenyewe sasa.

---

FizioTudor

Asiupandishe. Huo ni kilo 20 na zaidi ukijumlisha mtungi, unaning'inia mkono mmoja, na ngazi juu yake. Amepita wiki 6 za mwanzo baada ya upasuaji, zile ambazo hatumruhusu kitu cha zaidi ya kilo 2, lakini mkono wake wa kulia bado haujajengwa kwa hilo.

Afungue mtungi hapohapo chini, agawe kwenye vidumu vinne vya lita 5. Wiki hii abebe kwa mkono wa kushoto tu, kidumu kimoja kila safari, huku wa kulia umeshika ukuta wa ngazi. Mkono wa kulia ukishafika kilo 3 kwenye mazoezi bila kuvimba kwa wiki 2, ajaze kidumu cha kulia lita 2 na cha kushoto lita 2, apande vyote viwili kwa pamoja, mabega yakiwa sawa. Kisha lita 3 na 3. Apumzike kila ghorofa mpaka aweze kusema sentensi nzima. Jioni apime mkono kwa futi kamba, na namba iingie kwenye daftari lilelile la uzito na mapigo.